Mahindi ya Kitale, Damu ya Bungoma

Utoto wangu uligawanyika kati ya miji miwili. Baba alikuwa na kazi Kitale, na huko ndiko tulikoishi. Bungoma ndiko walikokuwa kukhu, yaani nyanya yetu, senge, yaani shangazi yetu, na ukoo wote, na huko tulipelekwa karibu kila likizo. Matatu ilitoka Kitale ikapita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, ikateremka hadi Webuye, kisha ikashika njia ya magharibi mpaka Bungoma mjini. Safari yenyewe si ndefu. Lakini Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na Bungoma takriban 1,400, na mteremko huo wa mita 500 hubadilisha mengi. Kitale tulijifunika mablanketi mazito na mbu hatukuwajali. Bungoma tulilala ndani ya chandarua chenye viraka, na bado sisi watoto wa baridi tulirudi nyumbani na homa ya malaria, huku binamu zetu waliozaliwa huko wakiendelea kuchunga ng'ombe na kucheza mpira.

Kwa nini tuugue sisi, wao wasiugue? Watu wazima walikuwa na majibu yao: eti baridi ya Kitale imetulegeza, eti chai ya maziwa imetulainisha damu. Mimi jibu nilikuja kulipata vipande vipande, shuleni, shambani na hospitalini, na kila kipande kilinirudisha kwenye kitu ambacho jicho tupu haliwezi kukiona, yaani seli. Nayaandika haya kwa sababu seli bado inafundishwa kama mchoro wa kupewa alama, ilhali huku kwetu magharibi mwa Kenya ni habari ya shibe, ya ndoa na ya uhai wa mtoto.

Kidato cha kwanza nilikisomea katika shule ya bweni huko Bungoma. Maabara ilikuwa na hadubini moja iliyofanya kazi, na Mwalimu wetu wa Baiolojia hakumruhusu mtu kugusa kioo chake. Alikata kitunguu, akabandua ngozi nyembamba iliyo kati ya magamba, akaitandaza juu ya kipande cha kioo, akaidondoshea aidini, akaifunika. Tukapanga foleni. Zamu yangu ilipofika niliona vijisanduku virefu vimepangana safu kwa safu bila mwanya, na ndani ya kila kimoja doa lililokolea rangi.

Mwalimu alikuwa na desturi moja. Ukitaja jina la sehemu ya seli, alikuuliza papo hapo, "Na inafanya nini?" Ukijibu, aliongeza la pili: "Umbo lake linaisaidiaje kazi hiyo?" Aliyejua jina peke yake alirudi kukaa bila alama. Wengi tulimwona mkali bure. Lakini maswali hayo mawili ndiyo yaliyonifaa kuliko michoro yote niliyochora, na ndiyo nitakayoyatumia hapa.

Mtu wa kwanza kuandika juu ya seli, Mwingereza Robert Hooke, alichapisha kitabu chake mwaka 1665 baada ya kutazama gome la mti linalotumika kutengenezea vizibo. Alichokiona kilikuwa kuta tupu za seli zilizokwisha kufa. Miaka michache baadaye Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, aliona kwa lenzi alizozisugua mwenyewe viumbe hai ndani ya tone la maji, na pia seli nyekundu za damu. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1838 na 1839 ndipo Wajerumani wawili, Schleiden kwa mimea na Schwann kwa wanyama, wakasema kwamba kila kiumbe hai kimejengwa kwa seli. Mwaka 1855 Rudolf Virchow akaeneza kauli iliyokamilisha jambo: kila seli hutoka kwa seli iliyoitangulia. Hakuna inayozuka tu.

Tukirudi kwenye kitunguu, kilichoshika safu zile zikanyooka ni ukuta wa seli, uliojengwa kwa nyuzi ngumu za selulosi. Wanyama hawana ukuta huo. Ndiyo maana sisi tunahitaji mifupa ili tusimame na mhindi hauhitaji. Ndani ya ukuta kuna utando, mwembamba mno, umeundwa kwa safu mbili za mafuta zilizochomekwa protini. Utando ndio unaoamua kipi kiingie na kipi kitoke. Maji hupita kwa urahisi, chumvi na sukari haviruhusiwi kupita ovyo. Anayetengeneza kachumbari ameshaona kazi ya utando hata kama hajawahi kukanyaga maabara: akitia chumvi, baada ya muda vitunguu vinalegea na sahani inajaa maji. Chumvi iliyo nje imeyavuta maji kutoka ndani ya seli kupitia utando, na vakuoli, ile akiba kubwa ya maji iliyokuwa ikiisukuma seli ijae na kukakamaa, imenywea. Mahindi yanayojikunja majani saa saba mchana wa jua kali yamepatwa na jambo hilo hilo.

Doa lililokolea aidini ni kiini. Humo mna DNA, maagizo ya kutengeneza kila protini ya kiumbe. Maagizo hayo hunakiliwa, nakala hutoka nje ya kiini hadi kwenye ribosomu, na ribosomu huunganisha asidi amino moja baada ya nyingine kwa mpangilio ulioandikwa. Mitokondria huchoma sukari kwa oksijeni na kutoa nishati. Kloroplasti, zilizo katika majani mabichi, hutumia mwanga wa jua kutengeneza sukari yenyewe. Sehemu hizi ni zile zile, lakini hazigawanywi sawasawa, na hapo ndipo swali la pili la Mwalimu lilipotufungua macho. Seli ya msuli wa moyo imejaa mitokondria kwa kuwa haipumziki. Seli ya jani la mhindi imejaa kloroplasti. Ya mzizi haina hata moja, maana chini ya udongo hakuna mwanga, badala yake imetoa mkia mrefu wa kunyonya maji. Seli moja ya neva inayotoka uti wa mgongo hadi kidole cha mguu huwa na urefu wa mita moja hivi. Kila mahali kazi imeamua umbo.

Likizo ya Agosti nilipobaki Kitale, somo liliendelea shambani. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na mpaka leo wakulima wengi wa Trans Nzoia hulima mbegu kwa mkataba. Katika mashamba hayo mahindi hupandwa kwa mistari ya wazazi wawili, ya kike na ya kiume. Mistari ya kike inapoanza kuchanua, mbelewele zote hung'olewa kwa mkono kabla hazijamwaga chavua, ili isije ikajichavusha yenyewe. Vijana wa mtaa walipata kibarua huko, nami nikiwa mmoja wao. Unaingia shambani alfajiri umelowa umande hadi kiunoni, unang'oa, unatupa, unasonga mbele. Msimamizi anakufuata nyuma akitafuta uliyoruka.

Ukifanya kazi hiyo huku umesomeshwa na Mwalimu kama yule wetu, huwezi kuacha kuuliza. Kila unywele wa hindi unaelekea kwenye punje moja. Chembe ya chavua ikitua juu yake, huchipua mrija unaoshuka ndani ya unywele huo wote, sentimita kumi na tano, ishirini, wakati mwingine zaidi, ukibeba seli mbili za kiume. Moja huungana na yai na kuwa kiinitete, yaani mmea mpya. Ya pili huungana na seli nyingine iliyo kando yake na kuanzisha ile sehemu nyeupe ya wanga inayokizunguka kiinitete. Unga wetu wa ugali kwa sehemu kubwa unatoka huko kwenye muungano wa pili. Na ukimenya hindi ukalikuta na mapengo, ujue kwamba nywele za mapengo hayo hazikupata chavua hai kwa wakati.

Mahindi ya kwanza ya chotara yaliyotokana na mzazi wa Kitale na mzazi wa mbali yaliitwa H611, nayo yalitolewa kwa wakulima mwaka 1964. Watafiti wa Kitale walikuwa wamepandanisha Kitale Synthetic, iliyotokana na mahindi yaliyokuwa yakilimwa na wakulima wa hapa, na Ecuador 573, iliyoletwa kutoka nyanda za juu za Amerika Kusini. Mavuno yalipanda, na wakulima wadogo wakayapokea kwa kasi iliyowashangaza hata watafiti. Lakini kulikuwa na masharti ambayo jirani yetu mmoja hakuyapenda: mbegu mpya hununuliwa kila mwaka. Yeye aliamua kuchagua mahindi mazuri ya mavuno yake, akayahifadhi na kuyapanda msimu uliofuata. Yakaota mengine marefu, mengine mafupi, mengine na hindi kubwa, mengine bila kitu.

Sababu imo kwenye kiini. Seli ya kawaida ya mhindi ina kromosomu 20, kumi kutoka kwa mzazi mmoja na kumi kutoka kwa mwenzake. Seli za uzazi zinapotengenezwa, idadi hupunguzwa nusu, na kila seli hupata kumi zilizochanganywa upya. Chotara wa kwanza hufanana kwa kiasi kikubwa kwa sababu kila mmoja wa wazazi wao wawili amechaguliwa hadi seli zake za uzazi zinakaribia kufanana. Watoto wao kila mmoja amepewa mchanganyiko wake. Sheria hiyo ya nusu kwa nusu niliielewa shambani kabla ya kuisoma vizuri darasani, nayo ndiyo niliyokuja kuihitaji nyumbani kwa senge.

Senge alikuwa na mtoto wa kiume ambaye kabla hajamaliza mwaka alivimba viganja na nyayo, akalia usiku kucha. Uvimbe ukaisha, ukarudi. Macho yake yakawa na umanjano. Alipoanza kutembea, mvua kubwa ikinyesha na baridi ikiingia, alishikwa na maumivu ya mifupa hadi akajikunja. Watu wa ukweni hawakukosa la kusema. Wengine walisema amerogwa. Wengine walisema mama yake amekuja na ugonjwa kutoka kwao. Kituo cha afya alichopelekwa kwanza kilimpa dawa ya malaria kila mara, na mara nyingine kweli malaria ilikuwamo, basi ikawa rahisi kutotafuta zaidi. Wahenga walishasema, mficha maradhi kilio humfichua. Hapa maradhi hayakufichwa, yalipewa jina lisilo lake.

Nilikuwa nimeingia kidato cha nne pale daktari mmoja wa hospitali nyingine alipoagiza damu ya mtoto ipimwe. Nilikuwa nimemsindikiza senge. Mtaalamu wa maabara alichanganya tone la damu na dawa inayoondoa oksijeni, akalifunika kwa kioo, akaziba kando zote hewa isiingie, akatuambia tungoje. Nilipomwomba niangalie, hakunikatalia. Baadhi ya seli zilikuwa za mviringo kama nilivyozijua vitabuni. Nyingine zilikuwa ndefu, zimepinda, zimechongoka ncha mbili, mfano wa mundu. Nikasikia sauti ya Mwalimu kichwani: umbo lake linaisaidiaje kazi hiyo? Safari hii jibu lilikuwa kwamba haliisaidii hata kidogo.

Seli nyekundu ya kawaida ni kazi ya ajabu ya umbo. Upana wake ni maikromita 7 au 8, yaani ukizipanga 1,000 kwenye mstari hazifiki sentimita moja. Imebonyea pande zote mbili, na mbonyeo huo huiongezea eneo la kupokea na kutoa oksijeni. Inapotengenezwa katika uboho wa mifupa huwa na kiini, lakini kabla ya kuingia kwenye damu hukitupa, na mitokondria pia huondolewa, ili nafasi yote ishikwe na himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Kwa kuwa haina kiini haiwezi kujikarabati wala kugawanyika. Huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa na nyingine hushika nafasi yake. Na ni laini. Ni lazima iwe laini, kwa sababu kuna kapilari zilizo nyembamba kuliko yenyewe, nayo hujikunja ili ipite.

Katika ugonjwa huo, uitwao selimundu, himoglobini ikishatoa oksijeni hunata moja kwa nyingine na kutengeneza nyuzi ndefu ngumu ndani ya seli. Seli iliyokuwa ikijikunja sasa inafika kwenye kapilari kama mtu aliyejitwika mzigo mpana wa kuni mbele ya mlango mwembamba: anakwama, na walio nyuma yake wanakwama naye. Mbele ya mkwamo huo nyama na mifupa hukosa oksijeni, na maumivu huanza. Seli hizo pia huvunjika mapema, baada ya siku 10 hadi 20, na uboho hauwezi kuzifidia zote. Hapo ndipo upungufu wa damu unapotoka. Umanjano wa macho ni mabaki ya himoglobini iliyovunjwa. Bandama, inayochuja damu na kupambana na vijidudu, huharibika utotoni, na mtoto hubaki bila kinga dhidi ya maambukizi yanayoua haraka.

Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza katika jarida la kitabibu mwaka 1910 na James Herrick wa Chicago, baada ya kumtibu kijana kutoka kisiwa cha Grenada aliyekuwa akisomea udaktari wa meno. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kasoro iko katika himoglobini yenyewe. Mwaka 1957 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, alionyesha badiliko lenyewe: katika mnyororo wa asidi amino 146, ile ya sita imebadilika, glutamiki imeondoka na valini imekaa mahali pake. Chanzo ni herufi moja tu ya DNA. Herufi moja imebadili protini, protini imebadili umbo la seli, umbo limebadili kazi, na mtoto wa senge hakulala usiku.

Lakini kwa nini herufi mbaya kama hiyo isipotee? Jibu la swali hilo lilipatikana huku kwetu Afrika Mashariki. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, karibu na Gilgil. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa udaktari, alikuja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya, akachukua damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Aligundua kwamba wenye jeni ya selimundu, yaani kipande cha DNA chenye herufi hiyo iliyobadilika, walikuwa wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya mtu 1 kati ya 5 katika baadhi ya jamii, lakini katika nyanda za juu walikuwa haba sana. Mwaka huo huo Lehmann na Raper walichapisha tofauti kama hizo nchini Uganda. Allison akaona kwamba ramani ya jeni hiyo inafuata ramani ya malaria.

Alirudi mwaka 1953 kulipima wazo lake. Karibu na Kampala alipima damu ya watoto 290: kati ya wale wenye jeni, 12 kati ya 43 walikuwa na vimelea vya malaria, kati ya wasio nayo, 113 kati ya 247. Nchini Kenya walijitolea Waluo 30 watu wazima, wakatiwa vimelea vya malaria kwa makusudi, jambo ambalo leo kamati yoyote ya maadili ingelijadili kwa ukali. Kati ya 15 wasiokuwa na jeni, 14 walishikwa na malaria. Kati ya 15 waliokuwa nayo, ni 2 tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954. Dunia nzima ya baiolojia huyataja kama mfano bora wa jinsi mazingira yanavyochagua jeni, na majina ya wale 30 hayatajwi vitabuni.

Kinga yenyewe hufanya kazi ndani ya seli. Kimelea cha malaria huingia kwanza kwenye seli za ini, kisha hutoka na kuvamia seli nyekundu, hula himoglobini na kuongezeka humo. Kwa aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu, seli zake kwa kawaida hufanya kazi vizuri na yeye si mgonjwa. Lakini kimelea kikiingia, seli aghalabu hupinda au humlea vibaya mgeni wake, na bandama huiondoa mapema. Mtoto wa namna hii huenda akapata homa, lakini malaria kali inayoua humpata mara chache zaidi.

Hapo swali langu la utotoni likapata jibu lake. Binamu zangu wa Bungoma walikuwa na kinga ya aina mbili. Ya kwanza ni ile ambayo miili yao iliipata kwa kuumwa na mbu tangu uchanga, ambayo sisi wa Kitale hatukuwa nayo. Ya pili ilikuwa kwa baadhi yao tu, waliyorithi kwa mzazi mmoja. Na gharama ya kinga hiyo ya pili iliangukia kwa yule aliyerithi kwa wazazi wote wawili. Yeye malaria haimwogopi. Humshika, na humdhuru kuliko mtu mwingine.

Matokeo ya maabara yalipotoka, senge alirudi nyumbani na karatasi ambayo hakuna aliyejua kuisoma, na lawama zikaanza upya. Nilikaa na kukhu jikoni nikamweleza kwa mahindi, kwa sababu mahindi aliyajua kunishinda. Nikamwambia: punje moja ina wazazi wawili, na kila mzazi ametoa nusu. Mtoto huyu hangeugua kama nusu mbaya ingetoka upande mmoja tu. Baba yake anayo na hajui, mama yake anayo na hajui, na kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kukutanisha nusu hizo mbili. Kukhu alinyamaza akikoleza moto, kisha akasema, "Basi hakuna wa kulaumiwa. Au kama yupo, ni wawili, na mmoja wao ni mwanamume." Maneno hayo yalifika ukweni kabla ya jua kuchwa, na senge hakusumbuliwa tena.

Binamu yangu yu hai, ni mtu mzima, na riziki yake anaipata kwa kutengeneza simu Bungoma mjini. Kilichomfikisha hapo hakina muujiza. Alilala ndani ya chandarua kila usiku. Alikunywa maji mengi na kukingwa baridi. Alipewa penisilini utotoni kwa ajili ya kazi ambayo bandama yake haikuweza kuifanya, na asidi ya foliki ili uboho wake uweze kutengeneza seli mpya kwa wingi. Baadaye akaanzishiwa haidroksiyurea, dawa inayouamsha mwili utengeneze tena himoglobini ya mtoto aliye tumboni, ambayo hainati. Tangu mwaka 2023 Uingereza na Marekani zimeidhinisha tiba inayohariri DNA ndani ya seli za uboho wa mgonjwa mwenyewe. Bei yake Marekani ni zaidi ya dola milioni 2, kwa hiyo kwa sasa si ya watu wa Bungoma. Chandarua na vidonge ni vya watu wa Bungoma. Hata chanjo ya malaria ilifika huku mapema: Kenya ilipoanza kuitoa mwezi Septemba 2019, sehemu za kaunti ya Bungoma zilikuwamo, na chanjo hiyo hufanya kazi kwa kukizuia kimelea kabla hakijaingia kwenye seli za ini.

Kabla ya kuoa, binamu alimwomba mchumba wake apimwe. Alipatikana hana jeni hiyo. Watoto wao wote wameirithi kwa baba peke yake, kwa hiyo hakuna anayeugua, na wote watahitaji kuwauliza wachumba wao swali lile lile siku moja. Baba yao ameshawaambia.

Katika yote haya nimejifunza mambo ambayo ningependa kijana anayeanza sekondari ayapate mapema kuliko nilivyoyapata mimi. La kwanza, usikubali jina la kitu bila kuuliza kazi yake, na usikubali kazi bila kuuliza umbo. La pili, kutojua hakukai bure. Mahali pasipo maelezo ya seli hukaa mchawi, na mara nyingi mchawi huyo huwa mwanamke aliyeolewa hapo bomani. La tatu, mwili haupewi kitu bila gharama: jeni iliyowaokoa watoto wengi wa kando ya ziwa ndiyo hiyo hiyo inayowatesa wachache, na hao wachache wana haki ya kutunzwa na sisi tulionusurika.

Kwa walimu wa Kitale na Bungoma, naomba kitunguu kisiwe mwisho wa somo. Wapelekeni wanafunzi shambani wakati wa mbelewele, na mkifika kwenye damu, semeni wazi kwamba habari hii ni ya nyumbani kwao. Kwa serikali za kaunti, mtoto anayezaliwa katika eneo la malaria apimwe selimundu kabla hajaanza kuugua, kwa maana penisilini humfaa zaidi aliyejulikana mapema. Na kwenu vijana mnaochumbiana, iwe mmekutana Chwele, Kimilili au Kiminini: nendeni mkapimwe wote wawili kabla ya wazee kukaa kuzungumzia ng'ombe wa mahari.